Majani ya Chai kwenye Mshubiri

Haya, nimewasikia. Wiki nzima mmenikalia kooni. Sokoni mmenisimamisha, kazini mmenipigia simu, na kinyozi wangu amezima mashine nusu ya kichwa ikiwa bado na nywele, akaniuliza, "Yule mama wa watu ataloana mpaka lini?" Nilimwambia aninyoe kwanza. Akagoma.

Basi turudini mlangoni. Mvua bado inanyesha, masanduku bado yako kwenye ngazi, na Mhadhiri bado anagonga.

"Mama! Fungua!"

Dirisha la juu likafunguka kidogo. Kikatokea kilemba cha sufi, kisha miwani, kisha ule mkufu wa funguo unaoning'inia shingoni mchana na usiku. Ndiyo maana Mhadhiri alimbandika jina la Mama Funguo tangu juma la kwanza.

"Nani huyo?"

"Unanijua, mama. Mgeni wa mwanao."

"Mwanangu hana mgeni."

"Masanduku yangu umeyatoa nje, mama. Mvua inaninyeshea."

"Ikunyeshee. Si unajisifu kuwa mtaalamu wa mimea? Mimea hupenda maji."

Dirisha likafungwa kwa kishindo.

Kwa wewe uliyefungia maandazi gazeti la wiki jana, sikiliza haraka, maana sina nafasi. Mhadhiri anafundisha mambo ya mimea chuo kikuu, kwao, mbali na hapa. Chuo kimempa likizo ya utafiti: mwaka mzima hafundishi, hasahihishi mitihani, anakwenda anakotaka kufanya kazi yake, ili mradi arudi na kitabu. Akauchagua mji huu kwa sababu ya hifadhi yake ya mimea mikavu. Ina makabati mpaka darini, na ndani yake majani na maua yaliyobanwa kwenye karatasi tangu enzi za mababu.

Mahali pa kulala alipatiwa na mumewe. Mume huyo ni mpimaji ardhi, na tutamwita Mpimaji. Ni yeye aliyekuja na habari ya Profesa mmoja wa kike wa mji huu, naye yuko likizo ya utafiti, naye anatafuta nyumba kule kwao. "Badilishaneni," Mpimaji alisema. "Yeye alale kwako, wewe ulale kwake. Mimi nitahamia kambini kwenye mradi wa barabara, nisimbane mgeni." Mhadhiri alitokwa na machozi ya shukrani. Akawaambia mashoga zake kwamba mume kama huyu siku hizi hapatikani.

Wanawake wale wawili waliwekeana sharti moja tu: mmoja akihama, mwenzake naye anahama siku hiyohiyo.

Jambo ambalo Profesa hakulisema ni kwamba nyumba yake ina mama ndani.

Na mama mwenyewe, jamani! Jikoni anafunga kwa ufunguo. Bafuni anakata maji wakati mgeni ana povu kichwani. Kwa majirani amesambaza kwamba mgeni huyu anaokota majani barabarani na kuyapeleka chumbani, kwa hiyo akili si nzima. Muuza duka wa pembeni hamjibu salamu. Huko kwenye hifadhi nako, Mkuu wa Hifadhi amempangia meza mbele ya mlango wa choo, kila anayekwenda haja anampitia begani, na akilalamika anaambiwa wageni huwa wanapenda hewa.

Chai je? Usiiseme. Asubuhi ya kwanza Mhadhiri alipekua kabati zote hakuona hata jani moja. "Mwanangu haruhusu chai humu," Mama Funguo alimwambia. "Inatia meno rangi. Yeye hunywa maji ya moto matupu, na huko alikokwenda ni hivyohivyo." Tangu siku hiyo Mhadhiri, mtu mzima na shahada zake, anaficha pakiti ya chai ndani ya soksi kwenye sanduku.

Kwa nini hakuondoka? Kwa sababu ni mbishi. Na kwa sababu chuo hakimpi mtu mwaka wa namna hii mara mbili. Akirudi mikono mitupu, uprofesa ausahau. Zaidi ya yote, alikuwa na kitu kimoja cha kumtuliza. Kila Jumamosi Profesa alimtumia video fupi ya vyungu vyake vya maua, vimejipanga barazani kwenye nyumba ambayo Mhadhiri mwenyewe aliijenga tofali kwa tofali kabla hata hajaolewa. Akiiona ile baraza, moyo unashuka. Kwake kuko salama. Ya huku atayavumilia.

Sasa amefungiwa nje, Jumamosi asubuhi, na hajui amekosa nini.

"Sitoki mtaa huu," alisema kwa sauti. "Wallahi sitoki."

Akalifungua sanduku palepale ngazini. Akatoa gauni, akalitundika kwenye vyuma vya uzio. Akatundika sketi. Akatundika kanzu ya kulalia. Kisha akatoa nguo za ndani, moja baada ya nyingine, akazianika mstari mmoja kwenye uzio wa Mama Funguo, mbele ya mtaa mzima.

Mapazia ya nyumba ya pili yakacheza. Muuza duka akatoka na mwavuli, ameacha wateja wake ndani.

"Habari za asubuhi!" Mhadhiri aliwapungia. "Karibuni! Mwenye nyumba ameniruhusu nianike!"

"Kwenye mvua?" aliuliza muuza duka, akasahau kwamba huwa hamjibu.

"Ndiyo desturi ya nyumba hii. Zile nyeupe za mwisho ni za mama mwenyewe."

Uongo mtupu. Lakini ulifanya kazi, kwa sababu komeo la kwanza lilisikika likiruka, kisha la pili, kisha mlango ukafunguka wazi.

"Kichaa wewe!" Mama Funguo alitetemeka kwa hasira. "Ondoa uchafu wako! Ingia! Ingia upesi, mwanaharamu, umeniaibisha!"

Mhadhiri aliyakokota masanduku yake ndani huku akichuruzika maji kwenye zulia, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie mji huu alicheka.

Kicheko hakikudumu.

"Usikae," Mama Funguo alisema. "Jikaushe, kisha uondoke. Leo hii. Saa hii."

"Nimekukosea nini leo kilichozidi jana?"

"Leo ni leo."

"Mama, sikiliza. Mimi na mwanao tumepatana. Mpaka mwaka uishe."

"Mwaka uishe!" Bibi alipiga makofi mara moja kwa kejeli. "Kichwa kigumu hivi! Wewe mtu akikukanyaga unamuuliza kama kiatu chake hakijaumia?"

Simu ya Mhadhiri ikalia mfukoni. Ujumbe kutoka kwa Profesa. Video ya Jumamosi, ile ya kumtuliza moyo. Chini yake yaliandikwa maneno ambayo hakuyaelewa: "Mama ameniambia. Maua yako nimeyaacha salama. Safari njema."

"Umemwambia nini mwanao?" Mhadhiri aliuliza.

Mama Funguo alikwenda dirishani akachungulia barabarani, akarudi, akachungulia tena.

Mhadhiri akaifungua video. Baraza yake, saruji nyekundu, zulia la mlangoni. Chungu cha waridi, kizima. Chungu cha jasmini, kizima. Chungu cha mshubiri, kile kilicho karibu na mlango wa kuingilia, kina kitu cheusi kimezunguka shina.

Akairudisha nyuma. Akaisimamisha. Akaikuza picha kwa vidole viwili.

Yalikuwa majani ya chai. Majani yaliyochujwa, juu yale mapya bado yana maji, chini yake ya jana yamekauka, na chini zaidi ya juzi yameota ukungu.

Enyi mliooa na mlioolewa, mnajua kwamba kila nyumba ina ugomvi wake mmoja usiokwisha. Wengine ni mfuniko wa dawa ya meno, wengine ni taulo lenye maji kitandani. Ugomvi wa nyumba ya Mhadhiri ulikuwa ni huo hapo. Mpimaji hunywa chai ya asubuhi amesimama mlangoni, akimaliza humwaga majani kwenye mshubiri. Mhadhiri alisema, alinuna, alilia, alimweleza kisayansi kwamba mshubiri haupendi unyevu na mizizi itaoza. Mumewe alijibu, "Mbolea hiyo, mke wangu," na kesho yake akamwaga tena.

Profesa hanywi chai. Mpimaji yuko kambini, mwisho mwingine wa nchi.

Mhadhiri akapiga simu.

Mumewe alipokea upesi mno.

"Mke wangu! Umeshafika?"

"Nimeshafika wapi?"

Nyuma yake ilisikika mvua ikipiga juu ya bati, au juu ya gari.

"Aa... kazini. Nilimaanisha umeshafika kazini."

"Leo Jumamosi."

"Kweli, Jumamosi. Huku kambini siku zinachanganyika. Vumbi tupu, mke wangu. Hatujaona tone la mvua."

Mhadhiri alitazama dirisha lake mwenyewe lililokuwa likitiririka maji. Labda mvua aliyoisikia ni ya kwake.

"Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, alhamdulillahi."

"Majani umeyamwaga wapi?"

Nyie, kuna maswali ambayo mwanamume hajajiandaa nayo. Angeulizwa kuhusu mwanamke, angekuwa na jibu. Angeulizwa kuhusu harufu ya manukato, angekuwa na jibu. Majani ya chai hakuyawaza.

"Majani gani?"

"Ya chai. Umeyamwaga wapi?"

"Sikiliza, mke wangu. Usikasirike. Kama umesimama hapo barazani, naomba utulie kwanza. Nilipita siku moja tu kuchukua nguo, nikanywa kikombe kimoja, nikaondoka. Siku moja tu!"

"Siku moja."

"Wallahi siku moja!"

"Na yale yaliyoota ukungu?"

Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupatikana.

Mhadhiri aliweka simu mezani taratibu sana. Alikuwa amedhani katika mambo kama haya mtu hupiga kelele. Hakuwa na kelele. Alikuwa na baridi, nguo zimemganda mwilini, na kichwa kinamwambia neno moja: kwangu. Kwangu, kwenye baraza yangu, kwenye kitanda changu.

Kisha akakumbuka jinsi mumewe alivyouliza. Umeshafika? Alidhani mkewe amerudi nyumbani. Nani aliyemwambia hivyo?

Akageuka.

"Mama. Umemwambia nini mwanao?"

"Nilimwambia umefungasha umerudi kwenu," alisema Mama Funguo bila kupepesa. "Juzi. Nilimwambia umechoka, umeondoka, uko njiani."

"Kwa nini?"

"Ili arudi! Si ndiyo sharti lenu? Mmoja akitoka, mwingine anatoka. Nilikukatia maji, hukutoka. Nilikufungia jiko, ukala mikate mikavu, hukutoka. Nilikusema kwa majirani, ukawasalimia! Ningefanya nini tena? Ndege yake imetua asubuhi hii. Atafika wakati wowote, na wewe umekaa hapa unanichuruzikia kwenye zulia."

"Kwa hiyo leo umenitupa nje..."

"Ili uongo wangu uwe kweli kabla hajafika. Ndiyo."

Mhadhiri akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Ulijua," alisema. "Kuhusu mume wangu, ulijua."

Bibi akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwanangu hunipigia asubuhi. Siku moja, tunaongea, nasikia sauti ya mwanamume nyuma inamwambia, 'Sukari iko kabati la chini, nyuma ya unga.' Nikajiuliza, mgeni gani anajua sukari ya watu ilipofichwa? Huyo ni mwenye nyumba."

Sukari ilikuwa kabati la chini, nyuma ya unga. Mhadhiri ndiye aliyeificha huko, kwa kuogopa sisimizi.

"Siku gani hiyo?"

"Ulikuwa hujamaliza hata kutoa nguo sandukuni."

Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Muda wote huo! Kila alipong'ang'ania nyumba hii, alikuwa akimfungia Profesa mlango wa kule, ndani, pamoja na mumewe. Kila alipojisifu kwamba hatoki ng'o, alikuwa akiwatandikia kitanda. Alivumilia povu kichwani na meza ya chooni ili wao wanywe chai barazani kwa raha zao.

"Na hukuniambia!" Sasa kelele ikaja. Ilitoka yote kwa pamoja. "Ulinitesa kama punda, ukanikatia maji, ukaniita kichaa, na neno moja tu ulikuwa nalo mdomoni hukuniambia!"

"Nikuambie nini?" Mama Funguo naye akapanda. "Kwamba niliyemzaa mimi anaiba waume? Niitangaze aibu yangu kwa mwanamke wa kuja? Nilikutaka unichukie uondoke, basi! Wenye akili wangeondoka!"

"Ulitaka kunisaidia?"

"Kukusaidia wewe? Usijidanganye. Mimi nazeeka, nalala peke yangu na funguo, namtaka mwanangu nyumbani. Wewe sikupendi. Hata sasa sikupendi."

"Mimi ndiyo sikupendi kabisa!"

"Basi tumeelewana. Chukua masanduku yako utoke kupitia uani. Kuna kilango nyuma ya mapipa. Ndege za kwenu hazikosi. Yeye anarudi kwake, wewe unarudi kwako, kila mtu na chake, na hakuna atakayejua."

Kwa dakika nzima Mhadhiri aliliwaza hilo. Msimcheke. Angewahi ndege ya jioni. Angefika, angefagia baraza, angebadilisha shuka, na Mpimaji angerudi kutoka "kambini" na zawadi, na wangeendelea. Wangapi wameendelea? Kitabu kingekufa, lakini nyumba ingesimama.

Nje, gari likapita polepole kwenye maji, likiendelea mbele, na mvua ikapiga juu ya paa lake. Mhadhiri akainua kichwa.

Sauti ileile.

Ile mvua kwenye simu haikuwa ya dirishani kwake. Ilikuwa juu ya gari. Na kambini, mumewe alisema, hakujanyesha hata tone.

"Mama," alisema polepole, "mwanao alikuambia anarudi peke yake?"

"Angerudi na nani?"

Mhadhiri akaenda kwenye sanduku lake, akaingiza mkono ndani ya soksi, akatoa pakiti ya chai.

"Nipe ufunguo wa jikoni."

"Umerukwa na akili? Nimekwambia atafika wakati wowote!"

"Ndiyo maana nakwambia, nipe ufunguo wa jikoni. Mimi sitokei kwenye mapipa. Hii nyumba mpaka leo jioni ni yangu kwa sharti tulilowekeana, na mgeni akija kwangu namkaribisha."

Wakatazamana. Mama Funguo akainamisha shingo, akachagua ufunguo mmoja kwenye mkufu, akautupa mezani kwa hasira.

"Usinichafulie birika."

Jikoni maji yakachemka. Kwa mara ya kwanza nyumba ile ikanuka chai, chai nyeusi, nzito, iliyokolea. Mhadhiri alipanga vikombe kwenye sinia. Mama Funguo aliyekuwa akichungulia mlangoni akavihesabu, akakunja uso.

"Kimoja kimezidi."

"Hakijazidi."

"Mimi, wewe, na mwanangu. Cha nne cha nani?"

"Subiri."

Mhadhiri akalitoa gauni lake la kazini, lile la kutolea mihadhara, akalivaa likiwa bado na unyevu. Akajifunga kitambaa kichwani vizuri. Akakaa kwenye kiti kikubwa cha Profesa kinachotazama mlango, kile ambacho Mama Funguo alikuwa amemkataza kukikalia tangu siku ya kwanza.

Gari likasimama nje. Mlango mmoja ukafunguliwa ukafungwa.

Kisha wa pili.

"Kuna nguo za ndani kwenye uzio wetu," sauti ya kike ilisema. "Mama amepatwa na nini?"

"Ingia ndani, tutaloa," alijibu mwanamume.

Mama Funguo aligeuka akamtazama Mhadhiri, kisha akakitazama kile kikombe cha nne. Sasa alikuwa na haraka. Alitaka kuuwahi mlango aubane. Lakini Profesa naye ana ufunguo wa nyumba yake. Kitasa kikazunguka.

Alikuwa mwanamke mrefu, mzuri, sikufichi, na koti la mvua la bei mbaya. Aliingia akitabasamu. "Mama, nimerudi, na nimekuletea..." Tabasamu likamfia mdomoni.

Nyuma yake aliingia Mpimaji, masanduku mawili mikononi, viatu vyake vya kazi miguuni, na shingoni amejifunga skafu ambayo Mhadhiri aliifuma kwa mikono yake mwenyewe ili isimpate baridi ya kambini.

Sanduku moja likamponyoka likaanguka.

"Karibuni," alisema Mhadhiri. Sauti ilitoka vizuri, na yeye mwenyewe alishangaa. "Poleni na safari. Poleni na vumbi la kambini. Chai iko tayari."

Mvua ilikuwa ikiingia kupitia mlango uliobaki wazi.

"Chukua kikombe, mume wangu. Ukimaliza, niambie utayamwaga wapi majani. Humu hamna mshubiri."

"Mume wako?" Profesa alisema. Alilisema kwa utulivu, bila hofu, na utulivu ule ndio uliomchoma Mhadhiri kuliko yote. "Dada, tusifanyiane hivyo. Aliniambia mambo yenu yaliisha kabla hujasafiri, na kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyetaka tubadilishane, ili kila mtu aanze upya bila kelele."

"Mimi ndiye niliyetaka?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mama yako hakukuambia kwamba nimeng'ang'ania hapa kwa ajili ya kitabu changu?"

"Mama yangu alinambia umerudi kwenu!" Profesa akamgeukia bibi. "Mama! Uliniambia ameondoka!"

"Na wewe uliniambia unarudi peke yako!" Mama Funguo alifoka. "Umeniletea mume wa mtu ndani ya nyumba yangu? Kwenye mlango wangu wa mbele, majirani wanatazama?"

"Si mume wa mtu, mama."

"Ni nani, basi?"

Wanawake wote watatu wakamtazama Mpimaji, aliyesimama juu ya zulia lililoloa, sanduku moja mkononi na jingine chini. Mtu yule amepima milima na mabonde ya nchi nzima, lakini mahali pa kuweka mguu wake siku ile hakupaona. Kijasho chembamba kilimtoka kwenye baridi yote ile.

"Mke wangu," alisema, "naomba unisikilize."

"Nakusikiliza," alisema Mhadhiri.

"Nakusikiliza," alisema Profesa, palepale, na akavua glovu ya mkono wa kushoto. Pete yake ilikuwa mpya kabisa.

Mama Funguo aliitazama ile pete. Akamtazama mwanawe, kama anayetafuta kitu usoni pake. Kisha akawapita wote, akausukuma mlango ukafungwa, akapiga komeo la kwanza, akapiga la pili, akazungusha ufunguo na kuurudisha shingoni, ndani ya nguo.

"Sasa," alisema, akivuta kiti na kuchukua kikombe cha nne, "hatoki mtu."